Eliya Aliulizwa. Mgonjwa Wako wa Saratani, Nani Amemuuliza?



Neno la leo si la kupigiwa vigelegele. Wengine mtalikasirikia. Lakini someni mpaka mwisho, halafu mniandikie kwenye maoni mkiwa na Biblia mkononi.

Fungua 1 Wafalme 18. Mlima Karmeli. Moto umeshuka, dhabihu imeteketea, watu wameanguka kifudifudi, mvua imerudi baada ya ukame mrefu. Tunaipenda sura hiyo! Tunaihubiri kwenye mikutano ya Injili, tunaihubiri kwenye makesha, tunaihubiri mpaka spika zinakoroma.

Sasa geuza ukurasa. Sura ya 19. Mtumishi yule yule, amelala chini ya mti jangwani, peke yake, anamwomba Mungu amwache afe. Si kabla ya ushindi. BAADA ya ushindi.

Kanisa, nisikilizeni. Sisi tunahubiri sura ya 18, na ndugu zetu waliotibiwa saratani wanaishi katika sura ya 19.

Mnajua tunavyofanya. Mtu akipatikana na saratani, tunasimama naye. Tunafunga na kuomba. Tunafanya harambee. Tunafungua kikundi cha WhatsApp, namba ya M-Pesa inazunguka, akina mama wanapika, vijana wanatoa damu. Mungu awabariki kwa hilo, silidharau hata kidogo. Halafu inafika siku ya kemo ya mwisho, au mionzi ya mwisho. Jumapili hiyo tunamwita mbele ashuhudie. Ameweka kitambaa kichwani, anatabasamu, kanisa linalipuka kwa shangwe. Kikundi cha WhatsApp kinafungwa kwa wimbo wa shukrani na emoji za mikono.

Jioni hiyo anarudi nyumbani. Wageni wamekwisha. Simu imenyamaza. Na sura ya 19 inaanza.

Mnataka kujua kilichomo ndani yake? Ni kurudi kliniki kila baada ya miezi michache, mwaka baada ya mwaka, kuangaliwa kama ugonjwa umerudi. Ni usiku wa kuamkia siku ya kupigwa picha, macho makavu mpaka jogoo awike. Ni kikohozi cha kawaida cha vumbi la Januari ambacho kwa mwingine ni kikohozi tu, lakini kwake ni sauti ya kaburi. Hofu hii ya ugonjwa kurudi ni kati ya mambo yanayowasumbua zaidi watu waliomaliza matibabu ya saratani, dunia nzima.

Ni mama aliyetolewa titi, anavaa nguo gizani ili mumewe asimwone. Ni dada aliyepigwa mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, na sasa kitanda cha ndoa kimekuwa mahali pa maumivu, na hana wa kumwambia. Ni mzee wa kanisa aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume, anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango kwa sababu mkojo haumsubiri, na sisi tunasema amepoa kiroho. Ni fundi ambaye kemo imemwacha na ganzi vidoleni, hawezi tena kushika sindano iliyomlisha. Ni shamba lililouzwa. Ni watoto waliotolewa shuleni. Na juu ya hayo yote, ni ile sauti ya usiku: "Mungu ameniponya, mbona nalia? Nimemkosea wapi?"

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana yule anayekilalia lazima AULIZWE.

Sasa tuende kliniki. Anapima uzito. Anapima presha. Damu inatolewa. Daktari anaangalia faili, anagusa kovu, anasoma picha. "Unaendeleaje?" "Sawa tu, daktari." "Haya, turudi baada ya miezi mitatu." Anayefuata! Mimi siwatukani madaktari na wauguzi wetu. Foleni naijua. Mtu ametoka nyumbani saa tisa usiku, benchi limejaa mpaka nje, daktari ni mmoja. Lakini ukweli ubaki ukweli: kila kiungo kimepimwa isipokuwa moyo unaobeba viungo vyote.

Na hili si jambo la watu wachache. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2020 Wakenya zaidi ya 42,000 walipatikana na saratani mpya, na zaidi ya 27,000 walikufa kwayo. Hakuna kanisa katika nchi hii ambalo halina mtu huyu kwenye viti vyake.

Je, moyo unaweza kupimwa? Ndiyo. Na hapa ndipo ninapotaka mniskize vizuri, kwa sababu kuna mtu anasema, "Mchungaji ameanza mambo ya dunia."

Kule New York, Marekani, kulikuwa na daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Jimmie Holland, mama aliyetumia maisha yake ya kazi kando ya vitanda vya wagonjwa wa saratani. Aliyaona haya tunayoyaona. Wagonjwa walikuwa wanaona aibu kutajiwa daktari wa akili, na madaktari wa saratani walikuwa wanaona haya kuuliza. Basi yeye na wenzake wakachagua neno lisilo na aibu. Hawakusema wazimu, hawakusema ugonjwa wa akili. Walisema DHIKI. Nani katika Biblia hakuwa na dhiki? Wakachora kitu rahisi kama kipimajoto, chenye namba kutoka 0 hadi 10. Mgonjwa anaulizwa: wiki hii iliyopita, hata leo, dhiki yako iko namba gani? Sifuri, hakuna. Kumi, imezidi. Akifika 4 au zaidi, asiachwe aende hivi hivi. Mtu akae naye kujua kuna nini.

Pembeni ya kipimo hicho kuna orodha ya matatizo ya kuwekea alama. Maumivu, usingizi, chakula. Hofu na huzuni. Mume, mke, watoto. Pesa, kazi, usafiri wa kufika hospitali. Na mnajua ni nini kingine kimo kwenye orodha hiyo ya madaktari? Mambo ya IMANI. Mgonjwa anaulizwa kama ana vita vya kiroho, na mwongozo wao unasema wengine wapelekwe kwa watumishi wa Mungu wa hospitali. Wapendwa, oneni aibu hii. Madaktari wameweka nafasi ya mchungaji kwenye karatasi yao. Sisi wachungaji hatujaweka nafasi ya daktari kwenye mahubiri yetu.

Kanada walikwenda mbele zaidi, wakaihesabu dhiki kuwa dalili ya sita ya kupimwa kwa kila mgonjwa wa saratani: joto, mapigo ya moyo, pumzi, presha, maumivu, kisha dhiki. Na hapa nyumbani, maswali 9 ya kupima depresheni, yale yanayouliza kuhusu wiki mbili zilizopita, yamejaribiwa kwa wagonjwa magharibi mwa Kenya, miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2009. Kuna hata njia fupi ya maswali 2 tu: je, siku nyingi umekosa hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda? Je, umekuwa na huzuni, umevunjika moyo, huoni tumaini? Maswali mawili! Ni muda mfupi kuliko ule tunaotumia kutafuta faili lililopotea. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani.

Sasa nijibu wale wanaopinga, maana nawajua na wengine ni marafiki zangu.

WA KWANZA anasema, "Mkristo aliyejazwa Roho hawezi kuwa na depresheni." Ndugu, mwambie Eliya. Mwambie Yeremia aliyelaani siku ya kuzaliwa kwake. Mwambie Ayubu. Na ukimaliza, nenda Gethsemane ukamwambie Bwana wetu, aliyewafunulia rafiki zake watatu bila kuficha kwamba huzuni iliyomlemea ilikuwa ya kufa, akawaomba wakeshe naye. Yesu alisema jinsi anavyojisikia! Wewe unamkataza mama mwenye kovu kifuani asiseme, wewe ni nani?

WA PILI anasema, "Usikiri udhaifu. Ukisema una hofu, umemfungulia adui mlango." Fundisho hili nimeliona likizunguka, na leo ninalipinga hadharani. Limewafanya watu wetu wawe waongo watakatifu. Daktari akiuliza, "sawa." Mchungaji akiuliza, "nimebarikiwa." Mume akiuliza, "niko poa." Na ndani anaoza. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi kifo humuumbua. Imani si kukataa kwamba jeraha lipo. Imani ni kumwonyesha Bwana jeraha, na kumwonyesha pia yule ambaye Bwana amempa mikono ya kulifunga.

Na tusifikiri ni suala la machozi tu. Mtu aliyelemewa huacha dawa. Kuna dada wa saratani ya titi wanaotakiwa kumeza kidonge kila siku kwa miaka 5, wengine hata 10. Utamezaje kidonge kila asubuhi kama huoni sababu ya kuiona asubuhi nyingine? Na tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba wagonjwa wa saratani wamo katika hatari ya kujiua kuliko watu wengine, hasa miezi ya kwanza baada ya kuambiwa. Nalitaja neno hilo kwa sababu kulificha hakujamwokoa mtu hata mmoja. Kwa miaka mingi sheria yetu, kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mahakama imeacha kumwona mtu huyu kama mhalifu. Kanisa la Yesu bado linamwita muasi?

WA TATU ana hoja nzito, nami naiheshimu. Anasema, "Mchungaji, tukiwauliza na wakasema, tutawapeleka wapi? Washauri ni wachache, madaktari wa akili ni wachache zaidi."

Hapo umesema kweli. Kuuliza peke yake hakuponyi. Sikiliza ushahidi. Mwaka 2014 watafiti wa Scotland walitoa matokeo ya kupima wagonjwa zaidi ya 21,000 kwenye kliniki za saratani. Kati ya waliokutwa na depresheni kali, asilimia 73 hawakuwa wakipata matibabu ya kuwafaa. Hiyo ni nchi yenye hospitali nzuri! Kisha wakachukua watu 500 wenye saratani na depresheni, wakawagawa. Kundi la kwanza, madaktari wao waliarifiwa tu kwamba mgonjwa huyu ana depresheni, wakaachwa wamtibu kama kawaida. Kundi la pili likapewa wauguzi wa saratani waliofundishwa kazi hiyo, wakisimamiwa na madaktari wa akili, wakiwafuatilia hatua kwa hatua. Baada ya wiki 24, katika kundi la kwanza waliopata nafuu kubwa walikuwa asilimia 17. Katika kundi la pili? Asilimia 62.

Mmeona tofauti iko wapi? Makundi yote mawili yalijulikana. Moja peke yake ndilo LILIFUATWA.

Na usiseme hiyo ni ya wazungu wenye pesa. Nenda Zimbabwe. Mwaka 2006, mtaani Mbare, Harare, daktari Dixon Chibanda hakuwa na wataalamu wa kutosha. Alikuwa na nini? Akina nyanya 14. Wakafundishwa, wakawekewa benchi nje ya kliniki, wakawa wanawapokea watu waliolemewa na mawazo. Wanauliza maswali kutoka kwenye karatasi, wanasikiliza, wanamsaidia mtu kushika tatizo moja na kulitafutia njia, na aliyezidiwa anapelekwa kwa mtaalamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha kwamba waliokaa kwenye benchi lile walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nyanya na benchi! Niambieni, kuna kanisa la Kenya lisilo na nyanya? Kuna kanisa lisilo na benchi?

Rudini sasa 1 Wafalme 19 muone jinsi Mungu mwenyewe alivyomhudumia mtu wake. Hakumkemea. Hakumwambia aliyeshusha moto jana haruhusiwi kulia leo. Alimwacha alale. Akamtumia mkate na maji. Akalala tena. Akalishwa tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kumliko. Ndipo, kule Horebu, akamwuliza anafanya nini pale. Mungu anayejua yote ALIULIZA! Eliya akamwaga moyo wake, akasema amebaki peke yake. Ukapita upepo, ukapita mtetemeko, ukapita moto. Halafu Mungu akarudia swali lile lile. Eliya akatoa jibu lile lile, neno kwa neno. Na Mungu hakuchoka naye.

Maana swali la mara moja halitoshi. Mtu aliyesema "sawa" mwezi wa tatu huenda asiwe sawa mwezi wa tisa. Aulizwe anapoambiwa ana saratani, aulizwe katikati ya matibabu, aulizwe anapomaliza, aulizwe kila anaporudi kliniki.

Na baada ya kuuliza, Mungu alifanya nini? Alimpa kazi ya kufanya, akampa Elisha wa kutembea naye, akamwonyesha kwamba wapo 7,000 wengine. Aliuliza, kisha AKAFUATILIA. Huo ndio mfano wetu.

Basi tufanyeje?

Wewe uliyetibiwa saratani. Kliniki ijayo usiseme "sawa" kama si sawa. Andika kwenye karatasi mambo matatu yanayokulemea, mpe daktari au muuguzi hata asipouliza. Sema, "Kati ya sifuri na kumi, moyo wangu uko saba." Ukipewa dawa ya depresheni, mwambie daktari dawa zote unazotumia, maana baadhi hazipatani na dawa za saratani. Kumeza dawa hiyo si kumkana Kristo, kama kumeza ya presha isivyo kumkana. Na kama umefika mahali pa kutaka kufa, usibaki na wazo hilo peke yako usiku huu. Mwambie mtu mmoja sasa hivi, nenda hospitali iliyo karibu, au piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Wewe wa nyumbani. Usiulize ukiwa umesimama mlangoni na funguo mkononi. Kaa. Uliza, kisha nyamaza. Usimjibu kwa mstari kabla hajamaliza sentensi. Na akikuambia anatamani kufa, usimwache peke yake, wala usimpeleke kwenye kukemewa mapepo usiku kucha. Mpeleke hospitali, kisha mwombe Mungu mkiwa njiani.

Wachungaji wenzangu. Acheni kumwita mtu madhabahuni kabla hajawa tayari. Ushuhuda si malipo ya harambee. Oktoba tunavaa utepe wa waridi na kupiga picha; Novemba nani amempigia simu? Chagueni mama wawili na wazee wawili wenye vifua vya kutunza siri, tafuteni mshauri au muuguzi awafundishe, wawe wanawapigia waliomaliza matibabu kila mwezi, kwa mwaka mzima na zaidi. Na siri ya mgonjwa isigeuzwe kuwa ombi la kikundi cha WhatsApp! Masengenyo yaliyovaa nguo ya maombezi bado ni masengenyo.

Na ninyi mlio katika hospitali na ofisi za kaunti, maana najua mko humu mnasoma kimya kimya. Wekeni swali hilo kwenye kadi ya kliniki ya saratani, pale pale chini ya presha na uzito. Mstari mmoja. Na chini yake mstari wa pili: aliyefika namba 4 na zaidi amepelekwa kwa nani? Mstari wa kwanza bila wa pili ni karatasi tu.

Tuombe.

Baba, wakumbuke walio chini ya mti leo, waliopigiwa makofi Jumapili na kulia Jumatatu. Wape usingizi. Wape mkate. Wape Elisha wa kutembea nao. Na sisi ulioacha karibu yao, tupe kinywa cha kuuliza, masikio ya kungoja jibu, na miguu ya kurudi kuuliza tena. Katika jina la Yesu, Amina.

Kabla hujaandika AMINA hapo chini, fanya jambo moja. Toka kwenye ukurasa huu, mpigie yule mtu ambaye jina lake limekujia ulipokuwa unasoma. Amina yako nitaisoma baadaye.